Mtungi wa Jumatano

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, mwalimu wa darasa alitugawia karatasi ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa imechapwa kwa stensili, wino umekolea huku na kufifia kule. Iliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu sista mwalimu mkuu hakutaka mzazi yeyote aje kumwambia hakuelewa. Kucha zikatwe Jumapili jioni. Mitandio ya wasichana wa Kiislamu iwe nyeupe, si ya maua. Mbuzi wasiachwe kuingia uwanjani. Misa ya Ijumaa ya kwanza ni ya Wakatoliki, wengine wabaki darasani wakisoma. Chini kabisa palikuwa na kipande cha kukata, ambacho mzazi alitia sahihi au dole gumba, nacho kikarudishwa Jumatatu.

Mama hakujua kusoma. Mimi, nikiwa darasa la sita, ndiye niliyemsomea, huku namfasiria kwa Kisomali, naye amekaa kwenye kigoda anafukiza vibuyu vyake kwa makaa. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Hakuna mstari uliopita bila kuhojiwa. Kwa nini kucha zikatwe Jumapili jioni na si Alhamisi kama tukatavyo sisi? Kwa nini mtandio uwe mweupe? Nani kawaambia mbuzi ni wetu? Nilipokuwa nikisoma hakutazama karatasi, alinitazama mdomo.

"Hapo umesoma upesi," angesema. "Rudia."

Nilirudia, na moyoni nilichukia. Nilijiona msomi, na msomi hapendi kukaguliwa.

Lakini alikuwa na sababu ya kushuku. Baba alikuwa na ngamia upande wa Modogashe, tukimwona mara moja baada ya miezi, na neno lake nyumbani kwetu lilishikwa na kaka yake mkubwa. Huyo tulimwita adeer, yaani ndugu wa baba, na aliishi Takaba. Alishuka Garissa mara kwa mara na lori la mbuzi. Yeye hakutaka kabisa nisome kwa masista. Mama alimshinda kwa hoja moja tu: walimu wa pale hawakukosa kazini. Adeer akakubali shingo upande, akaweka sharti lake mbele ya jamaa wote. Siku atakayoona dalili moja ya Ukristo kwangu, nitapanda lori hilohilo hadi Takaba, nikakae kwa wake zake nichunge mbuzi, na masomo yawe yameishia hapo.

Kwa hiyo Mama aliwachunga masista, nami nikachungwa na Mama. Niliporudi jioni aliuliza nimekula nini, nimekaa na nani, nimeimba nini. Mara moja alinikuta nikifagia huku navuma wimbo wa shuleni, akaninyang'anya fagio na kufagia mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Pampu ya mto Tana iliharibika kila wiki, na wenye mikokoteni ya punda wakauza maji wanavyotaka. Ijumaa moja karatasi ilikuja na mstari mpya: kila mwanafunzi alete lita tano za maji kila Jumatano. Mama alisimamisha mkono juu ya kibuyu.

"Maji ya nini?"

"Hawajaandika."

"Mbona mbuzi wameandika na maji hawakuandika?"

Sokoni alikuwa amesikia kwamba Wakristo humwagia mtoto maji kichwani, na akishamwagiwa basi ni wao. Aliniuliza maji ya shule huwekwa wapi. Nikamwambia humiminwa katika pipa lililo nje ya jiko, hupikiwa githeri na kupigiwa deki madarasa na vyoo. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo sikumwambia ni kwamba nilikuwa nimemwona sista akichota beseni kutoka pipa hilohilo na kuingia nalo katika kanisa dogo la shule. Nilikiri nusu nikameza nusu, naye akanitazama sana, kama mtu anayepima maziwa akijua yametiwa maji.

Jumanne iliyofuata alichukua mtungi wangu wa plastiki, akaujaza, akaenda nao dugsi, madrasa yetu ya mtaani. Maalim alisoma aya juu ya yale maji na kuyapulizia. Maji ya namna hiyo tunayaita tahlil. Hunywewa na mgonjwa, huogeshwa mtoto mwenye homa, na kila aliyepita dugsi anajua kwamba hayamwagwi ovyo mahali pa kukanyagwa, sembuse chooni. Mama aliurudisha mtungi ameukumbatia, akafunga kifuniko kwa kitambaa.

"Sasa wamwage," alisema. "Yeyote watakayemmwagia, wamemmwagia Kurani. Na usimwambie mtu."

Aliona amewapata. Mimi ndiye niliyebaki na tatizo, kwa kuwa yeye hakuwa wa kusimama mbele ya lile pipa.

Jumatano asubuhi nilipanga mstari na wenzangu. Mbele yangu maji yalikuwa yanamiminwa, na pembeni msichana wa zamu alikwisha chota ndoo, ana ufagio wa choo mkononi. Nilitoka kwenye mstari kana kwamba nimesahau kitu, nikazunguka nyuma ya kanisa dogo ambako palikuwa na mwarobaini na hapakupita mtu. Nikapiga magoti, nikamimina yale maji polepole kwenye shina, nikisoma Bismillahi na Alhamdu kwa hofu kwamba hata hapo huenda nakosea. Nilirudi darasani na mtungi mtupu kama wengine wote. Nilidhani nimetatua jambo.

Sista hakuwa mtu wa kudanganyika. Alikuwa na daftari la maji, na kiranja wa kila darasa aliweka alama kwa aliyemimina. Bawabu naye alimwambia kwamba niliingia langoni na mtungi umejaa. Sista akajumlisha anavyojua: huyu mtoto anauza maji ya shule kwa mtu fulani. Ijumaa, chini ya karatasi yangu, palikuwa na maneno ya kalamu nyekundu: Mzazi afike ofisini.

Nilisimama barabarani nikayasoma mara tatu. Mama akifika ofisini, ataambiwa sileti maji. Akisikia sileti maji, atauliza tahlil imekwenda wapi. Akiambiwa nyuma ya kanisa, je? Na adeer alikuwa akitarajiwa wakati wowote. Takaba niliiona kabisa, vumbi lake na mbuzi wake.

Jioni nilimsomea Mama karatasi nzima na kuukwepa ule mstari. Nilisoma taratibu makusudi, na kwa mara ya kwanza hakusema rudia. Kipande cha chini nilikikata upesi kabla hajanyoosha mkono, nikamwambia wiki hii hakitakiwi. Kisha nyuma ya nyumba nikapaka wino wa kalamu kwenye dole gumba langu mwenyewe, nikalikandamiza.

Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu hivyohivyo. Kila Jumanne Mama na mtungi kwa maalim, kila Jumatano maji kwa mwarobaini, kila Ijumaa wino kwenye kidole. Nikaanza kushuku kila mtu. Nilimshuku bawabu anaponisalimia na asiponisalimia. Nilimshuku msichana wa dawati la nyuma kwa kuwa alikohoa nilipopita. Hata Mama nilimshuku kwamba anajua na ananitega, maana hakuniulizauliza tena. Mtu mwenye la kuficha haamini kuwa wenzake wana shughuli zao.

Mchana mmoja wa Alhamisi nikaitwa kutoka darasani. Ofisini nilimkuta sista mezani, Mama kwenye kiti karibu na dirisha, na adeer amesimama, kofia yake ya kufuma mkononi. Alikuwa ameshuka na lori asubuhi, na hata chai hajamaliza hotelini mtu akamwambia kwamba binti wa ndugu yake huonekana kila Jumatano nyuma ya kanisa, amepiga magoti, midomo inacheza. Alimchukua Mama sokoni, naye Mama akaacha maziwa kwa jirani.

"Afadhali mmekuja," sista alisema. "Nimewaita muda mrefu."

"Habana," adeer akajibu. "Sisi hatukuitwa. Sisi tumesikia toto yetu nasali kwa kanisa yako. Watu mbili wameona."

Sista alishangaa kweli. Alisema hajui habari ya kusali, anajua habari ya maji. Akanigeukia. "Mtungi unaingia umejaa, kwenye pipa hufiki. Unampelekea nani?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika pindo la shuka yake kwa mikono miwili. Ndipo nikasema, kwanza kwa Kiswahili halafu kwa Kisomali, kwamba maji yale yalikuwa tahlil, kwamba maji ya pipa lile hupigiwa deki vyoo, na kwamba nilishindwa kuyamimina humo, nikayamwagia mwarobaini.

Adeer alimwuliza Mama kwa Kisomali nani aliyapeleka kwa maalim. Mama akajibu ni yeye. Adeer akaniuliza nilikuwa nasoma nini pale nyuma. Nikamwambia. Akaniamuru nisome, nami nikasoma Alhamdu yote mbele ya picha ya Bikira Maria iliyoning'inia ukutani, mpaka mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipokiinua niliona kwamba hasira imemtoka, na nilianza kupumua.

Laiti yangeisha hapo! Lakini sista alikuwa mtu wa mambo kamili. Alifungua mtoto wa meza, akatoa vile vipande vitatu vya karatasi, akavipanga mbele ya Mama.

"Mama, niliandika uje. Mara tatu. Vimerudi na dole gumba. Hiki ni kidole chako?"

Alama zilikuwa tatu, ndogo, nadhifu, kila mstari wa ngozi ukionekana. Mama alikuwa na dole gumba pana, lililokauka kwa makaa na kamba za vibuyu. Hata kipofu angepapasa akajua.

Adeer alisogea akaangalia. Alisema kwa Kisomali, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha: "Kama si chako, basi huyu anakusomea uongo ndani ya nyumba yako. Hiyo ndiyo elimu uliyonipigia kelele? Lori linarudi Takaba kesho kutwa."

Mama alichukua kipande kimoja. Alikitazama kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwahi kutazama karatasi. Kisha akanitazama mimi, si mdomo safari hii, macho.

"Wallahi," alimwambia sista, kwa sauti ya kusikiwa na adeer, "hii kidole yangu. Toto alisoma barua yote. Mimi ndio nakataa kuja. Nikija, maziwa nani atauza?"

Sista alitazama alama, akatazama mkono wa Mama uliokuwa wazi pale mezani. Adeer naye alitazama mkono uleule. Mwishowe adeer akavaa kofia yake, akasema kiapo ni kiapo, akatoka. Sista akakusanya vile vipande, akavirudisha ndani, akasema kuanzia wiki ile pipa la maji ya kupikia litakuwa mbali na la vyoo, na watoto waambiwe. Habari ya beseni la kanisani hakuitaja, nami sikuuliza. Mpaka leo sijui lilikwenda kufanya nini.

Tulirudi nyumbani Mama mbele, mimi nyuma. Nilimwita hooyo, hooyo, mama yangu, mara mbili, na hakugeuka. Aliingia, akawasha makaa, akafukiza vibuyu vyake.

Asubuhi yake hakunywa chai. Nilidhani ni hasira. Mchana hakula, na aliporudi kutoka sokoni midomo ilikuwa imekauka kwa jua. Jumamosi hivyohivyo. Haikuwa Ramadhani wala karibu yake. Mdogo wangu alimwuliza kwa nini anafunga, akaambiwa akacheze nje. Mimi sikuhitaji kuuliza. Dugsi tulifundishwa: aliyeapa kwa Mungu kwa uongo awalishe maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Mwaka ule wa ukame, kumi angewatoa wapi cha kuwalisha? Maziwa yenyewe tulikuwa tunayahesabu kwa kikombe.

Karatasi ya Ijumaa ilikaa ndani ya mkoba wangu. Hakuiomba. Jumapili aliitoa mwenyewe, akapita nayo kwa mwenye duka la nguo ili huyo amsomee, na kipande cha chini akakitia dole gumba hukohuko dukani. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi hata sasa ninapoandika. Shule nilibaki nayo, na nilimaliza, na hakuna karatasi nyingine aliyoniomba nimsomee.

Jua la siku ya tatu lilipozama nilimpelekea tende na kikombe cha maji. Alikuwa ameketi mkekani ameshamaliza kusali. Nilidhani hatakipokea, lakini alikipokea, akanywa yote, akakiweka chini.

"Mwaka mzima," alisema, "nimewashuku wale masista."

Akachukua tende, akaigawa, akanipa nusu.