Siku Tatu Kwenye Miwati

Hapa kijijini Kifanya watu huniita mama wa maombi. Mtu akiwa na mchumba wa mashaka, au akitaka kujua kama ahame shamba, huja na kuku au bakuli la ulezi nimwulizie Mungu. Nawaacha waniite hivyo. Jina hilo nililipata kwa uongo, na aliyeumia ni mke mwenzangu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa na wake wawili alipotaka kubatizwa. Mimi ndiye wa kwanza, nilibatizwa tangu msichana na nilisoma Biblia bila kufuata mstari kwa kidole. Mchungaji alimwambia abaki na mke mmoja. Ni yupi, aombe hekima aonyeshwe. Mume wangu kitu pekee alichojua kuomba ni chumvi. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayejua maneno ya kumwambia," alisema. "Nenda ukaulize. Atakachosema nitafanya."

Mwanamume mzima anamtuma mke mmoja kwa Mungu akaulize kama mwenzake afukuzwe! Na hakuna aliyecheka, hata wazee wa kanisa.

Mke mwenzangu mwenyewe alinifungia viazi vya kuchemsha nilipoondoka. Alikuwa na mtoto wa kike mgongoni, hajaanza kutembea. Kwa desturi yetu mtoto ni wa baba, kwa hiyo alijua kwamba akifukuzwa ataondoka mikono mitupu.

"Dada," aliniambia, "uniombee na mimi."

Huyo ndiye aliyenifulia nguo za damu mimba yangu ilipoharibika. Nilimchukia. Matuta yake yalinyooka kuliko yangu, na mume wetu alicheka akiwa nyumbani kwake. Kwangu alikula na kulala tu.

Nilikaa siku tatu kwenye miti ya miwati nje ya kijiji, katika kibanda kilichoachwa na wachuna magome. Niliwaambia watu nitafunga. Viazi nilivimaliza siku ya kwanza. Siku ya pili nilipiga magoti, nikaomba kweli, na jibu likaja upesi: mume wako asubiri ubatizo, asifukuzwe mtu. Sikusikia sauti yoyote. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba chungu kinaungua jikoni. Nikasimama, nikakung'uta magoti. Siku ya tatu nilikaa juani nikifikiria nitawaambiaje.

"Amesema abaki mke wa kwanza," niliwaambia.

Mke mwenzangu hakubisha. Angebisha ningekuwa na la kujitetea, lakini aliamini. Alimnyonyesha mtoto, akamweka mapajani mwangu, akashika njia ya Makambako. Mume wangu alibatizwa Jumapili iliyofuata akiwa na shati jipya, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote.

Mtoto nilimlea. Nilimlisha, nilimchapa, nikamfundisha kusoma. Alipofikia umri wa kuolewa, dereva mmoja wa lori alimletea habari: mama yake yuko Makambako, anawapikia madereva ugali, sasa anakohoa damu na anataka kumwona mwanawe. Msichana alikuja akanipigia magoti.

"Mama, niulizie," alisema. "Niende nikamuuguze, au nibaki na wewe? Wewe Mungu anakujibu."

Mume wangu alikuwa ameshakufa, na miguu yangu ilivimba kila masika. Nani angeniletea kuni? Niliingia chumbani, nikafunga mlango. Safari hii sikupiga magoti hata kidogo, kwa kuogopa kujibiwa. Nilikaa kitandani nikitazama ukuta mpaka nilipoona muda umetosha, kisha nikatoka.

"Amesema ubaki."

"Haya, Mama," alisema, akachukua mtungi akaenda kuchota maji. Nilimsikia akilia njiani.

Mama yake alizikwa Makambako na madereva kabla mahindi hayajakomaa. Habari ilipofika, nilingoja msichana anilaani, nilitamani anilaani. Badala yake alikuja akakaa karibu nami, akanishika mkono, akaniomba tumshukuru Mungu pamoja kwa kuwa alimpa nguvu ya kutii. Nikafumba macho, nikamshukuru.