Cheti cha Kupona

Chuoni walimwita Afande, naye hakukataa. Alikuwa na miaka arobaini na moja, kumi na minane kati ya hiyo jeshini, na darasa zima la upimaji ardhi lilijaa vijana wa kumwita baba. Aliipenda kazi ile ya pembe na vigingi. Siku zote alikaa nyuma, karibu na mlango, mgongo ukutani.

"Afande, unaogopa mwalimu atakuuma?" alimtania Miwani, kijana wa kundi lake la mazoezi.

"Nakaa hapa niwahi chai," alijibu, wakacheka.

Ukweli aliujua yeye na mkewe. Tangu arudi kutoka vitani hakuwa amepata usingizi wa kueleweka. Mkewe ndiye aliyemshika mkono mpaka kwa mshauri wa chuo, mama mpole mwenye chumba kilichosongwa na mafaili. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa haya, "Baba, mimi nimezoea vijana walioachwa na wapenzi wao. Haya yako yamenizidi kimo." Akamwandikia barua ya hospitali ya jeshi. Huko wakamwambia ameshastaafu, aende ya raia. Ya raia wakampa vidonge, na miadi ya daktari baada ya miezi mitano.

Vidonge vilimlaza kweli, ila vilimlaza hata akiwa macho. Alisoma mstari mmoja mara nne, ukamponyoka. Mitihani ilipokaribia akajikaza, akaviacha.

Kwenye mtihani wa pili, asubuhi, upepo ulibamiza mlango wa chuma. Alichokumbuka baadaye ni vumbi la sakafu mdomoni. Alikuwa amemwangusha msimamizi, mwalimu mzee mwembamba, na kumlalia ili amkinge, huku akipiga kelele, "Lala chini! Usiinue kichwa!"

Wachache walicheka. Mzee alipolia kwa uchungu, mkono umevunjika, hakucheka tena mtu.

Miwani alimwinua Afande taratibu. "Ni mlango tu, Afande. Twende nje."

Mwalimu hakumshtaki, alimtumia hata salamu. Salamu zile zilimchoma kuliko matusi. Chuo nacho kikamsimamisha masomo mpaka alete cheti cha daktari kwamba amepona.

"Amepona," mkewe alisoma barua kwa sauti, jikoni. "Baba watoto, daktari wa kuandika hivyo tutamtoa wapi?"

Siku ya miadi, daktari alimwona kwa dakika kumi. "Kupona siwezi kuandika," alisema bila kuinua macho. "Naweza kuandika kwamba unaendelea na matibabu."

Chuo kilikataa karatasi hiyo.

Mwaka uliofuata wenzake walihitimu. Miwani alikuja kumsalimia, joho amelikunja kwapani kwa aibu. Afande alimpongeza, akamuuliza habari za kazi, akacheka hata pale pasipochekesha. Kijana alipoaga, Afande aliketi, mikono katikati ya magoti.

"Mama watoto," alisema mwishowe, "mtu wa chuoni akija tena, mwambie nimesafiri."

"Umesafiri wapi?"

"Popote. Wataamini."