Mvua ya Uongo Makaburini

Nyundo za mafundi wa Buyenzi, mtaa wetu mjini Bujumbura, ndizo zilizoniamsha utoto wangu wote, na katikati ya kelele hizo ndipo niliposikia kwamba sitafika popote. Walisema mtoto wa mnyoosha bodi za magari hawezi kumaliza sekondari, seuze kuandika kitabu. Baba mdogo wangu, Ramadhani, aliyekuwa na gereji mbele ya nyumba yetu, aliyasema hayo hadharani, mikono yake ikinuka petroli: "We mutoto, kitabu haiwezi kunyoosha mulango ya gari. Shika nyundo." Dua la kuku halimpati mwewe. Leo nina diploma, nimeishi Ulaya miaka mingi, nimerudi Bujumbura kwa tiketi niliyoinunua mwenyewe, na hadithi zangu fupi zinasomwa na watu nisiowajua. Sioni haya kuyataja. Lakini anayeniuliza nilijifunzia wapi kuandika, simpeleki Ulaya. Nampeleka kwenye kiangazi kimoja tu, kile alichofariki baba.

Homa ilimchukua alfajiri, na baada ya sala ya adhuhuri tukamzika. Mtaani kwetu kuna desturi ambayo sijaiona kwingine: jeneza likipita, mafundi hulaza nyundo chini na kusimama kimya, hata aliye chini ya gari hutoka. Likikunja kona, mmoja huanza kugonga, na wengine humfuata. Nilitembea nyuma ya jeneza nikiusikia ukimya ule, kisha nikasikia nyundo ya kwanza ikigonga nyuma yangu. Sikulia. Sikuhisi kitu. Nakumbuka mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji, kama ilivyo kila kiangazi moshi na vumbi vinapojaa juu ya ziwa Tanganyika. Milima ya Kongo, ambayo siku nyingine unadhani utaigusa, haikuwepo. Makaburi yalikuwa mbali nje ya mji, tukapelekwa kwa lori, na udongo wake ulikuwa mkavu kiasi kwamba kila koleo liliinua wingu dogo jekundu. Watu wazima walikuwa wakinitazama usoni wakisubiri machozi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyao.

Wiki chache baadaye Mwalimu Nestor, aliyetufundisha insha katika darasa la mwisho la shule ya msingi, alitangaza kwamba shule moja ya bweni huko milimani ingempokea bure mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu, yule atakayeandika insha bora juu ya siku asiyoisahau. Kwangu haikuwa insha tu. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuamua: nisipopata nafasi ile, nahamia gerejini. Mwalimu alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kama mtu apendavyo kofia yake. "Écoutez, sikilizeni, watoto," alisema. "Mtu akilia, mbingu nazo zilie. Akifurahi, jua liwake. Msomaji aone moyo wa mtu kwa kutazama juu." Basi niliandika mazishi ya baba kwa Kifaransa, nikayanyeshea mvua kubwa ya radi. Maji yakajaa kaburini, waombolezaji wakazama matopeni, na mimi nikalia kwa kwikwi.

Jioni nilimsomea mama, nikimfasiria sentensi moja moja. Mama alikuwa katika eda, amekaa chumbani na kanga zake nyeupe, hatoki. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo siku ile alibaki nyumbani na hakuna aliyemsimulia. Nilipofika kwenye maji, alinishika mkono.

"Ati mvua ilinyesha kule? Baba yako walimulalisha mu mayi?"

"Apana, mama. Ni insha tu. Mwalimu anapenda mvua."

"Mwalimu ndiye aliyefiwa?" Hakuniachia mkono. "Sema vile ilikuwa."

Nikamwambia. Nyundo zilizonyamaza, mbingu ya maziwa, milima isiyoonekana, udongo mkavu, viatu vya watu. Aliuliza kama kaburi lilikuwa na kivuli. Aliuliza kama udongo ulikuwa wa moto. Nilijibu kila swali, sauti yangu ikiwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Akalia, na baada ya kulia akalala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mimi nilidhani mvua ndiyo ingemliza mtu. Nikaichana ile insha, nikaandika yale niliyomjibu.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa kwa sauti. "Hata hakulia!" akasema Jumaine, mtoto wa muuza vipuri, na darasa likacheka. Mwalimu akavua miwani. "Moyo wako uko wapi humu, petit?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, bwana mwalimu, hata milima haikuonekana. Akavaa tena miwani, akaisoma upya. Kisha akazikusanya insha za wengine, akazigonga mezani zikae sawa. "Nitapeleka hii. Hizi zingine zote zimelowa."

Nafasi nikaipata. Septemba nilipoondoka, mvua ya kwanza ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, mvua ya kweli safari hii, na Baba mdogo Ramadhani mwenyewe alinibebea sanduku hadi kwenye basi. Mama alikuwa bado katika eda. Alinisindikiza hadi mlangoni, ndani ya mlango, akasimama pale ambapo matone hayamfikii. Sikugeuka mara ya pili. Hapo pia sikuhisi kitu, na sijui kama ni kasoro au ni kipaji. Nimeandika hadithi nyingi tangu hapo, na vijana hunisifu kwamba mbingu zangu husema yale ambayo wahusika wangu hawawezi kuyasema. Mimi mwenyewe hadi leo sijajifunza kulia. Mama anaishi nami katika nyumba niliyoijenga, magoti yanamuuma, na kila asubuhi ananisindikiza hadi getini, jua liwake au mvua inyeshe, hata nikienda kununua mkate tu.