Tulivyovuna alizeti ya mama bila pombe, mzinga wa Baraka ukitutazama juu ya kichuguu

Wakuu, nawasalimu kutoka Singida, mji wa upepo na kuku.

Jana nimesoma uzi humu, jamaa anadai vijana wa chuo hawawezi kufanya jambo lolote pamoja bila pombe. Nikasema huyu hawezi kulala bila kujibiwa. Ninayoyaandika nilikuwepo, nilitoka jasho, na mikono yangu bado ina makovu ya mabua. Anayetafuta chai akaangalie majukwaa mengine.

Mimi ni binti wa kutoka Mungaa, huko vijijini, nasoma chuo kimoja hapa mjini.

Kaka yangu Daudi alinitangulia chuo hicho hicho. Darasani alikuwa kichwa kweli kweli. Akaanza na zile pombe za Ijumaa, boom, yaani hela ya mkopo, likiingia. Ijumaa ikarefuka mpaka Jumapili. Yeye na wenzake wakawa wanakunywa kujipongeza kwa mtihani, halafu kujifariji kwa mtihani, mwishowe wanakunywa kabla ya mtihani.

Akadisco, chuo kikamfukuza kwa kufeli.

Akarudi nyumbani, akahamia kwenye mtukuru, pombe yetu ya kienyeji. Mama alilia mpaka akachoka kulia.

Msimu huu mvua za kwanza zilipoanguka, akaacha. Mama anasema ni maombi, mimi nasema alijichoka mwenyewe. Akashika jembe, akalima alizeti na mama. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Mama, chungu cha pombe kikichemka hapa nyumbani, mimi sijiamini."

Mama akaapa kutopika.

Hapo sasa ndipo tatizo lilipoanzia. Waliokulia vijiji vya kwetu wananielewa. Ukitaka majirani waje kukuvunia, unapika mtukuru. Watu wanafanya kazi, wanakunywa, wanaimba, shamba linaisha. Usipopika hawaji. Wala si kwamba wanakuchukia, ndivyo ilivyo tu.

Mama alipita nyumba kwa nyumba akiahidi chakula kizuri. Mzee Ntandu, jirani yetu wa ubavuni, akamwambia bila kuficha, "Mama Daudi, shamba lote lile, nani atakuvunia kwa uji?"

Na muda haukuwepo. Kwetu mavuno yakiisha, kijiji kinafungulia mifugo iingie mashambani kula mabua. Siku ikishatangazwa, imetangazwa. Ng'ombe haulizi nani kachelewa. Safari hii siku iliyotangazwa ilikuwa Jumatatu, na alizeti ya mama karibu yote ilikuwa bado imesimama.

Mama akanipigia simu, sauti imekwisha kabisa. "Mwanangu, naona nipike tu. Tutakula nini mwakani?"

Nikamwambia, "Mama, tafadhali usipike. Jumamosi nakuja na watu."

Watu gani sasa? Nilikuwa sina mtu! Niliokuwa nao ni washkaji wa darasani wanaojiita Kamati ya Ijumaa, watu wanaokunywa kama wametumwa. Yaani nimzuie kaka yangu asinuse pombe, halafu nimpelekee walevi gari zima. Mnicheke tu, hata mimi nilijicheka.

Lakini sikuwaficha kitu. Niliwaambia kuna kazi, kuna kuku wa kienyeji, pombe hakuna, na sababu ni kaka yangu. Wengine walimkumbuka Daudi. Baraka, mwenyekiti wao, akasema, "Kuku wa Singida anayetembea mwenyewe? Twende."

Jumamosi asubuhi tukafika. Wakapanga mstari, "Shikamoo mama, shikamoo mama," kama watoto wa shule ya msingi. Mama akawamiminia togwa ya uwele. Baraka akaonja, akanitazama. "Dada, hii si wanakunywa watoto?"

Mama akamwongezea.

Aisee, msomi na mundu ni vichekesho. Wanashika kichwa cha alizeti kama wameshika nyoka. Pombe ya jana inawatoka kwa jasho, unainusa toka mbali. Daudi akawaonyesha: unashika kichwa, unakata shingo, unatupa kwenye gunia la salfeti, unasogea. Kila mtu mistari yake miwili. Kufikia saa za chakula walikuwa wameshaelewa, matusi yamepungua na nyimbo zimeanza.

Tukala ugali wa uwele, kuku na mlenda. Baada ya kula, Baraka akavuta begi lake nyuma ya magunia, wenzake wakamsogelea. Wakati huo huo Daudi anapita kwenda kuchota maji.

Akaona. Mzinga mzima wa pombe kali, haujafunguliwa.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyewaleta hawa. Mama alisimama na bakuli mkononi.

Daudi akanyoosha mkono, Baraka akampa bila ubishi. Akaushika ule mzinga shingoni, akatembea nao mpaka mwisho kabisa wa shamba, kwenye kichuguu kilicho mpakani na njia ya ng'ombe. Akausimamisha juu pale, jua likawa linaung'arisha, kila mtu anauona.

Akarudi. "Tunaanzia huku, tunaishia kule. Atakayefika wa kwanza, ni wake."

Nikamfuata, nikamwambia kwa hasira, "Kaka, umerukwa na akili?"

Akanijibu, "Wakiuficha, mimi nitashinda mchana wote nautafuta kwa mawazo. Acha niuone ulipo."

Wakuu, sijawahi kuona watu wanavuna vile. Mabua yanalia, vumbi linapanda, Baraka kavua shati. Lakini Daudi alikuwa mbele yao wote, hapumziki wala hageuki. Mimi nilikuwa nakata huku nalia, kwa sababu nilijua anaenda kufika wa kwanza, na kufika kwake ndiko nilikokuwa nakuogopa.

Akafika.

Akasimama mbele ya kichuguu. Mzinga ulikuwa usawa wa kifua chake. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Halafu akageuka, akashika mistari mingine miwili, akaanza kuvuna kurudi tulikotoka.

Mama alipiga kigelegele mpaka ng'ombe wa Mzee Ntandu wakainua vichwa huko walikokuwa.

Baraka akafika wa pili. Akautazama mzinga, akamtazama Daudi anavyozidi kuondoka. Akatukana kidogo, mnisamehe sitaliandika tusi lenyewe, akageuka naye. Wa tatu hivyo hivyo. Kila aliyefika alikigusa kichuguu tu, kama watoto wanaokimbizana, akarudi na mistari mingine. Ikawa ndio mchezo wenyewe!

Jua linaelekea kushuka, shamba likaisha. LOTE, wakuu. Vichwa vimelundikana uwanjani kwa mama kama kilima.

Mzee Ntandu akaja na fimbo yake, akazunguka lile lundo. "Mama Daudi, uliwapikia nini hawa?"

"Togwa," mama akasema. Hilo "togwa" alivyolitamka, ungedhani ametaja ng'ombe wa mahari.

Jumapili baada ya ibada Mzee Ntandu alikuja kupiga alizeti na wanawe, hakuitwa na mtu. Akanywa togwa, akaomba nyingine. Jumatatu ng'ombe wakaingia shambani, wakakuta mabua yao.

Sitawadanganya, Kamati ya Ijumaa haijavunjika. Wapo walioacha, wapo waliopunguza, wapo wanaokunywa mpaka leo. Ila Daudi ameomba chuo upya na amepata, ataanza mwaka wa kwanza. Nitakuwa mbele ya kaka yangu mkubwa, na atanisalimia vizuri korido nzima.

Funzo langu ni hili. Tunawahubiria sana vijana waache pombe, lakini mahali pa kukaa pamoja wakacheka bila pombe hatuwapi. Mlevi naye ana nguvu, ana nyimbo, ana wenzake. Mpe shamba uone.

Ninyi kwenu mnafanyaje kazi za pamoja? Pombe lazima, au kuna waliothubutu kama mama? Shusheni maoni, hata wa kupinga karibuni.

Na kabla hamjauliza: mzinga Baraka aliumwaga mwenyewe pale pale kichuguuni, akabaki na chupa tupu, anaona aibu kuitupa kwenye shamba la watu. Mama akaichukua, akaisugua kwa majivu. Alizeti ilipokamuliwa, akamrudishia.

Ipo dirishani kwa Baraka mpaka leo, imejaa mafuta. Anakaangia mayai.