Mahindi ya Neema Yalivyopimiwa Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino na gauni aliloshona baba yangu, fundi cherehani wa Mtendeni. Nilikuwa nimeambiwa naajiriwa chuo kikuu, na kwa akili zangu za wakati ule chuo kikuu ni ofisi yenye mapazia. Meneja wa Shamba aliitikia shikamoo yangu, akanitazama miguuni, akaniambia nikaazime kandambili kwa mama wa jikoni. Kampasi yetu ya kilimo na mazingira, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilikuwa na vyumba vichache na shamba kubwa. Jioni nilirudi nyumbani na tope hadi magotini, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Nilianzia maabara ya udongo. Udongo ukiletwa kutoka shambani tuliuanika kivulini, tukauponda na kuuchekecha, ndipo ukapimwa rutuba na uchachu wake. Msimamizi wangu, Mhadhiri Mwandamizi wa Udongo, hakupenda mtu wa pupa. Tulikuwa na eneo lililopakana na njia ya zamani ya misafara, jembe likigonga pale linaruka. Yeye aliwaambia wanafunzi kwamba wapagazi ndio waliolishindilia kwa miguu yao. Wakishacheka, aliwapa majembe wakachimbe wenyewe wahakikishe. Maktaba ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya zana, na waliotoka vijijini kusiko na umeme walikifurahia kama jumba. Mimi pia nilisomea humo baada ya kazi, na cheti changu cha ufundi sanifu kilitoka kwenye meza zile. Sitaacha kushukuru.

Cheti kilinihamishia ghala la sampuli, na huko ndiko nilikomaliza utumishi wangu. Sampuli ni mavuno ya utafiti. Ukitaka kujua kama mahindi hustawi kati ya miti inayorutubisha udongo, hupandi mahali pamoja tu, maana huenda pana kichuguu au maji yanatuama. Unapanda vipande vingi vilivyotawanyika, na mavuno ya kila kipande yanakaa kwenye mfuko wake wenye lebo. Hayapimwi mpaka yakauke sawasawa. Ukishachanganya mifuko miwili, umebaki na chakula tu.

Miaka yangu ya mwisho kazini alikuja mwanafunzi wa uzamili, Neema, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Aliona msitu ukikatwa kila mwaka kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, akataka kuwaonyesha wazazi wake njia nyingine, ya mahindi kati ya miti. Ufadhili wake ulikuwa unaishia msimu ule. Mavuno yakipotea, anarudi nyumbani bila shahada. Vipande vyake vilitunzwa na Mzee Kasanda, kiongozi wa vibarua, muumini wa Kanisa la Moraviani mtaani Cheyo, mtu wa maneno machache aliyefukuza ngedere alfajiri kabla hajanywa chai.

Mavuno yalipokuwa yanakauka ghalani, nilikwenda Bukene kwenye harusi ya mpwa wangu. Nikiwa huko, Mzee Kasanda aliugua ghafla akafariki. Niliporudi kazini nikakuta rafu ya Neema tupu.

Kampasini tulikuwa na desturi: mwenzetu akifiwa au akifa, shamba linapeleka chakula. Ghala la chakula lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo amesafiri. Vibarua, kwa uchungu wa kumpoteza kiongozi wao, walichukua ufunguo wangu wa akiba, wakapakia mifuko ya Neema. Kwao ilikuwa aibu kubwa kwenda kwa Mzee Kasanda mikono mitupu. Nilitaka kuwafokea, nikaona macho yao yamevimba kwa kulia, nikaacha.

Neema hakulia. Aliniuliza tu kama tunaweza kuyafuata. Tukaenda kwa Mkuu wa Idara, naye akavua miwani.

"Chakula kikishaingia kwa mfiwa ni cha mfiwa," alisema. "Hatuendi kudai. Tunakwenda kuhani. Mizani na kipima unyevu vikae ndani ya gari. Mama akikataa, tunarudi na hatunung'uniki."

Pale Cheyo tulikaa mkekani na wafiwa. Mkuu wa Idara alitoa pole, kisha akamweleza mjane, Mama Kulwa, habari ya mifuko ile kwa sauti ya chini, bila kuwalaumu vibarua. Alimwomba ruhusa ya kupima tu. Mama Kulwa alimtazama Neema muda mrefu.

"Wewe ndiye yule binti wa mahindi? Mume wangu alikuwa anayaamkia hayo kuliko alivyoniamkia mimi," alisema, na wanawake waliomzunguka wakacheka huku wakifuta machozi. "Pimeni, mwanangu. Lakini hayarudi. Wageni wake watakula alicholima."

Tukaweka mizani juu ya kinu kilichogeuzwa. Akina mama walituletea mfuko mmoja mmoja, nikataja uzito na unyevu wake ili tukokotoe uzito mkavu baadaye, Neema akiandika. Wale vibarua walisimama pembeni wameinamisha vichwa, mpaka Mama Kulwa alipowaita waje kusaidia kubeba. Kila mfuko uliopimwa ulikwenda jikoni. Mmoja tu hatukuupata, ulikuwa umeshasagwa. Tuliula jioni ile ile, ugali na maharage, na Neema alinawa na kula pamoja na wengine.

Leo nimestaafu. Nasikia ghala lina majokofu ya mbegu, na chumba cha kusomea kina kompyuta. Nafurahi. Vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwaje, nawaambia tulikuwa na vifaa vichache na wakubwa waliojua kuomba. Nimewatumikia watu wema, na mkate wangu niliula bila kinyongo.

Neema alipotetea tasnifu yake, niliruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi. Mtahini wa nje, profesa mzee aliyekuwa amemchachafya kwa maswali tangu mwanzo, aliweka kidole kwenye jedwali. Akauliza kwa nini kipande kimoja hakina uzito, na mavuno yake yako wapi.

"Yaliliwa, Profesa," Neema alijibu. "Msibani kwa mtu aliyeyalima."

Mzee yule akaondoa kidole, akainua uso.

"Poleni sana," akasema, akafungua ukurasa uliofuata.