Kwaya Iliyokaa Kimya Msibani

Kosa langu la kwanza kanisani lilikuwa kuikataza kwaya kuimba mazishini.

Tulikuwa waumini kumi na wanne wa kanisa dogo jipya pale Matogoro, karibu wote tumetoka Ukatoliki, tukisali katika ghala la ushirika lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua mahindi. Mchungaji alikuwa bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Mimi nilipewa kwaya kwa sababu nilijifundisha nota mwenyewe, kutoka kijitabu kisicho na jalada nilichokikuta kwenye rundo la mitumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sauti ya tatu ikiteleza, sikuweza kula siku hiyo.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa ameacha Ukatoliki na kuhamia kanisani kwetu pamoja na mumewe. Mashemeji zake walimwambia wazi: "Siku ukifiwa tutaona hao wa ghalani watakufanyia nini."

Mumewe akafariki. Ulikuwa msiba wetu wa kwanza.

Asubuhi ya mazishi tulifanya mazoezi nyuma ya ghala. Sauti ya nne ilikuwa na mtu mmoja tu, fundi baiskeli, naye kila tukifika kwenye kiitikio alipotea.

"Hatuimbi," nikasema. "Tutaaibika mbele ya Wakatoliki."

"Mwalimu, acha masihara," fundi akajibu. "Kwani marehemu ndiye atakayetusahihisha?"

Wenzake wakacheka. Mchungaji akanitazama, akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo hayo."

Basi tukaenda, tukakaa. Jeneza lilipotolewa nje, hapo ndipo kwaya huanza, na watu wote wakatugeukia. Mjane naye akatugeukia. Nilitazama viatu vyangu. Mwishowe bibi mmoja Mkatoliki, wa jumuiya ya zamani ya mjane, akaanzisha wimbo, uwanja mzima ukaitikia, wakamsindikiza marehemu hadi makaburini. Waliimba ovyo, kila mtu na ufunguo wake. Naona haya kuandika hili: niliwasahihisha kichwani njia nzima.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilianza kumweleza habari za sauti ya nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua maharage.

"Niliwaambia shemeji zangu mtaimba," akasema. "Niliwaambia wasubiri waone."

Jumapili iliyofuata alirudi kanisani kwake kwa zamani, na binti zake wawili. Wengine wakafuata, kila mmoja akijiuliza nani atamzika. Kabla ya mavuno tulibaki sita. Mchungaji akapata uhamisho, na ghala likapangishwa kwa mfanyabiashara wa mbolea.

Sasa tuko watano, tunasali sebuleni kwangu. Sifundishi tena kwaya. Fundi baiskeli ndiye anayeanzisha nyimbo, nami naitikia. Yule mama hajarudi.