Giza la Kuazima

Taa ile ilifungwa wiki ileile kijana mmoja alipouawa kwa matofali mbele ya bucha. Alisingiziwa wizi wa mtungi wa gesi. Mtungi ulionekana baadaye, nyuma ya mlango wa mwenye mtungi, na hakuna aliyekwenda kuwaomba radhi wazazi wa marehemu. Badala yake muuza nyama alipandisha juu ya ukuta wake taa kubwa nyeupe, ikaumulika mtaa mzima mpaka paka wakakosa pa kujificha.

Zamani taa iliwashwa ili mgeni auone mlango. Siku hizi inawashwa ili apatikane wa kupigwa.

Aliyeumizwa na taa hiyo kuliko wote ni mzee wa nyumba ya pili, Fundi Miwani, aliyewasagia watu lenzi maisha yake yote hata viganja vikawa laini kama sabuni. Sasa miwani inakuja kwa makontena, na juu ya mashine yake wanalala kuku. Kioo cha mwisho alichosaga kilikuwa cha darubini, na alikisaga kwa ajili ya mkewe.

Mkewe alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwishazima. La kulia lilibakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema nalo halitafikisha mwaka. Tangu ujana wao walikuwa na kitabu kimoja cha nyota, na ukurasa uliochakaa kuliko zote ulikuwa wa nebula, lile wingu la gesi na vumbi lililo kwenye upanga wa nyota za Mwindaji. Pichani lilikuwa jekundu kama kaa la moto. "Siku moja utanionyesha lenyewe," mkewe alikuwa akisema, na hiyo siku moja ikazeeka pamoja nao. Fundi alijua kwamba jicho la binadamu, hata likisaidiwa na darubini, halioni wekundu ule. Linaona kijivu tu, kama pumzi juu ya kioo. Hakumwambia, aliogopa kumpunguzia hamu.

Alipanga kama anayepanga harusi. Mwezi usiwepo. Mwindaji awe juu mapema, kabla bibi hajachoka. Mvua ziwe bado. Yote hayo yalikutana wiki moja tu. Baada ya hapo ni mawingu mpaka jicho lizime. Kilichobaki ni taa. Akaenda buchani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuazima giza."

Muuza nyama alicheka mpaka shoka likatikisika mkononi. "Giza? Mzee, wenzako wanaazima chumvi!"

"Nusu saa tu, kesho jioni. Mama yako aone wingu moja la nyota kabla macho hayajamwisha."

"Mawingu si yapo mchana? Tena bure!" Shoka likashuka, mfupa ukapasuka, vipande vikamrukia mzee kifuani. "Nikizima wataingia wezi. Utawazuia kwa miwani? Nenda ukapumzike, babu."

Zamani, ukishindwa kumpa jirani alichoomba, angalau ulimpa kiti.

Kesho yake giza lilipoingia, fundi alimkalisha mkewe kwenye kigoda uani. Nyota tatu za mkanda wa Mwindaji bado zilionekana. Kutoka hapo akaishusha darubini mpaka upangani. Akachungulia. Weupe mtupu, kama maziwa.

"Usiondoke hapo," akamwambia. "Likitokea, sukuma bomba la darubini kidogokidogo, maana mbingu zinatembea."

Akachukua chuma cha kusagia, akatoka barabarani, akakirusha.

Taa ilipasuka kwa kishindo.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Milango ikafunguka. Tangu taa ifungwe hakuna aliyekumbuka tochi. Kila mkono ulishika cha kupigia. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni, akameza damu na jino. Alipoanguka yakaja mateke, mbavuni, tumboni, kisogoni. "Leteni tofali!" Zamani hata mwizi aliulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kofi la kwanza.

Neno moja lingemwokoa. Lakini wakimtambua watawasha simu zao, watamiminika uani kwake na mwanga wao. Akauma ulimi. Mkono ukavunjika kama kijiti, naye kimya. Sasa ameliona, aliwaza. Sasa anasukuma bomba.

Mwili ukamwangukia juu. Mkewe alikuwa amekuja akipapasa ukuta, akifuata sauti ya mapigo, na teke lililokuwa njiani likampata yeye mgongoni.

"Mume wangu! Mnamuua mume wangu!"

Simu ikawaka. Muuza nyama aliutazama ule uso uliovimba, rungu likamponyoka.

"Lakini mzee, si ungesema ni wewe?"

"Mliuliza?" bibi akasema.

Fundi alipopata fahamu hospitalini, mvua zilikuwa zimeanza na muuza nyama alikwishafunga taa mbili mpya. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, miguuni pake.

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Lilikuwaje?"

Bibi alipapasa mpaka akaupata mkono usio na plasta. "Jekundu, mume wangu. Jekundu kama kaa la moto, vilevile kama kitabuni."

Fundi alifumba macho. Basi hakuliona. Pigo la kwanza tu lilimwinua kigodani, akaliacha wingu lake la maisha lipite peke yake ndani ya kioo, akaja kumfuata gizani.

"Ndivyo lilivyo," akasema kwa mdomo uliopasuka. "Ndivyo lilivyo hasa."